Hatari hupimwa: Funzo la milima ya moto kwa Garissa

UWANDA wa Garissa hauna mlima. Kijana wa mji huo anayetamani kukanyaga theluji hulazimika kufunga shanta lake, kuvuka daraja la Mto Tana na kusafiri mamia ya kilomita kuelekea magharibi hadi Mlima Kenya, ambako sehemu kubwa ya maji ya mto huo huanzia.

Safari za aina hiyo, za marafiki wanne au watano wanaochanga nauli, kubeba hema na kulala mlimani, zimekuwa desturi ya vijana wengi wa mijini. Picha za vikundi hivyo vikiwa kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, husambaa kila msimu wa likizo.

Hata hivyo, msafara huo huelekea upande mmoja tu. Ni nadra kusikia kikundi kutoka Nyeri, Nakuru au Kisumu kikifunga mizigo kwenda Garissa kuwaona twiga wa Bour-Algi, au kwenda Ijara katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini kumtafuta hirola, swala ambaye ni miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa zaidi ya kuangamia duniani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wasafiri hao hao hawaogopi volkano. Mlima Kenya ni mabaki ya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Kilimanjaro, jirani yake mwenye theluji, imelala tu. Gesi bado hufuka katika kreta ya Kibo. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ni volkano hai iliyolipuka 2007 na 2008, na ingali inapandwa na wageni wanaoanza safari usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri.

Kwa nini basi mlima unaoweza kutema moto uvutie wageni, ilhali kaunti tatu nzima za Garissa, Wajir na Mandera huepukwa? Jibu jepesi ni ugaidi. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika namna hatari inavyopimwa na kuelezwa kwa msafiri.

Vipimo vya moto

Mfano wa karibu wa mlima ulio na theluji na moto kwa pamoja ni Etna, katika kisiwa cha Sicily nchini Italia, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,300. Mnamo Februari 2025, lava ilipoteremka juu ya theluji, watu walimiminika mlimani kuitazama. Wakuu wa eneo hilo hawakukifunga kisiwa kizima. Waliweka mipaka ya umbali, wakadhibiti baadhi ya njia na kuwaonya waliokuwa wakisogea mno. Juni mwaka huo huo mlima ulipolipuka kwa kishindo, watalii walitimua mbio, lakini hakuna aliyeripotiwa kufa.

Pale vipimo vinapopuuzwa, matokeo huwa machungu. Katika kisiwa cha Whakaari, New Zealand, kiwango cha tahadhari kilipandishwa Novemba 2019, ila ziara hazikusitishwa. Mlipuko wa Desemba 9 uliwakuta watu 47 kisiwani. Kati yao, 22 walipoteza maisha.

Mfano unaoikaribia zaidi hali ya Kaskazini Mashariki uko Kongo. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, uliwahi kuwavutia wageni waliolala ukingoni mwa kreta ili watazame ziwa la lava likitokota usiku. Huko msafiri alikabiliwa na hatari mbili: moto wa ardhini na bunduki za makundi yenye silaha.

Mei 2018, baada ya askari wa wanyamapori kuuawa na watalii wawili kutoka Uingereza kutekwa nyara na baadaye kuachiliwa, hifadhi ya Virunga ilifungwa kwa wageni. Usalama ulikaguliwa, na Februari 2019 ikafunguliwa tena. Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021, wakazi wa Goma hawakuwa wamepata onyo, na makumi ya watu walikufa. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo kinachouchunguza mlima huo ulikuwa umekatizwa mwaka uliotangulia. Kupima hatari kuna gharama, lakini kutopima kuna gharama kubwa zaidi.

Mifano hiyo mitatu inafunza jambo moja. Kuihukumu hatari kwa jumla, iwe kwa kuikuza au kwa kuikana, hakumlindi mtu yeyote. Kinachomlinda msafiri ni taarifa inayosema ni mahali gani, ni lini na kwa kiwango gani.

Jeraha la 2015

Kaskazini Mashariki imehukumiwa kwa jumla kwa njia zote mbili. Tangu visa vya utekaji nyara vya 2011, vikiwemo vya watalii katika Kaunti ya Lamu na wahudumu wawili wa misaada kutoka Uhispania kambini Dadaab, mataifa ya Magharibi yamekuwa yakiwashauri raia wao waepuke maeneo mapana ya mpakani. Serikali ya Kenya nayo imekuwa ikilalamika kwamba ilani hizo zinaua utalii.

Mnamo Aprili 1, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alizikosoa hadharani ilani hizo na kusisitiza kwamba Kenya ni salama. Alfajiri iliyofuata, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wakiwemo wanafunzi 142. Wengi wa vijana hao walikuwa wamesafiri kutoka pembe mbalimbali za nchi wakiwa na mabegi yao ili kutafuta elimu.

Waliotahadharisha walikuwa na sababu, na hilo halina budi kukubaliwa. Lakini ilani ya Uingereza iliandikiwa Waingereza. Mwanafunzi kutoka Kitui au Bungoma hakuwa na mtu wa kumwandikia yake. Kati ya mgeni aliyeambiwa asikanyage eneo lote na mwananchi aliyeambiwa kila kitu ki shwari, hakuna aliyepewa kipimo cha kumwezesha kuamua.

Upungufu huo haujazibwa. Hatari katika eneo hilo haijatawanyika kwa usawa. Chuo hicho kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupata hati ya kuwa chuo kikuu kamili 2017. Upande wa mpakani, hali ni tofauti: Machi 2025, polisi wa akiba sita waliuawa katika kambi ya Biyamadhow, Kaunti ya Garissa. Kuuweka mji na mpaka katika kapu moja ni kumpotosha msafiri, sawa na kumwambia kwamba mpakani nako hakuna tatizo.

Isitoshe, si kila hatari hubeba bunduki. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, na Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha abiria ilizama na kuua watu. Kwa msafiri wa wiki hizo, aliyekuwa akitishia zaidi alikuwa Mto Tana.

Wanaolipia hasara ya hukumu za jumla ni wenyeji. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji. Kuwaokoa walimu waliokuwa hatarini kulikuwa wajibu. Hata hivyo, maelfu ya watoto walibaki madarasani bila wa kuwafunza, zikiwemo shule zilizokuwa mbali na mahali pa shambulio.

Kitambulisho mfukoni

Hukumu ya jumla haikuishia kwenye ardhi. Iliwafuata hata watu walioihama. Chini ya sheria za kikoloni, mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka katika wilaya za mpaka wa kaskazini bila kibali. Uhuru ulipopatikana, eneo hilo liliwekwa chini ya hali ya hatari Desemba 1963, na sheria zilizotokana na hali hiyo hazikuondolewa hadi 1991.

Hata baada ya hapo, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera alipotimiza umri wa miaka 18 hakupata kitambulisho kwa njia aliyokipata mwenzake wa Nyeri. Alipaswa kwanza kupigwa msasa na kamati ya kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya. Februari 2025, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha utaratibu huo. Wakazi walishangilia, baadhi ya wanasiasa wakaonya kwamba wageni wangejipenyeza.

Kwa anayetaka kupanda mlima, suala hilo si la nadharia. Langoni mwa Hifadhi ya Kitaifa ya Mlima Kenya, ada nafuu ya raia hutolewa kwa anayethibitisha uraia wake. Kabla ya kufika huko, kuna vizuizi vya barabarani kati ya Garissa na Thika ambavyo abiria wa eneo hilo wanavijua mno. Katika kundi la marafiki watano, asiye na kitambulisho ndiye anayeshushwa garini.

Wanaodhani kwamba wakazi wa Kaskazini Mashariki hawawezi kuaminiwa kama wenzi wa safari wana jambo la kukumbuka. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na baadhi yao wakawapa wanawake Wakristo hijabu za kujifunika. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika tukio hilo, alifariki mwezi uliofuata. Hakuna mwongozaji wa milimani aliyewahi kuwafanyia wasafiri makubwa kuliko hayo.

Yanayowezekana

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu ya wazazi waliozika watoto wao 2015 haiwezi kufutwa kwa matangazo ya utalii, wala haipaswi kukejeliwa. Inaweza tu kujibiwa kwa taarifa za kweli.

Taarifa hizo zaweza kutolewa. Wakuu wa usalama wanajua ni barabara ipi inayohitaji ulinzi na ni ipi inayopitika. Wafugaji wanajua ni kisima kipi kimefikiwa na watu wasiojulikana. Kinachokosekana ni daraja la kuyafikisha maarifa hayo kwa mwananchi wa kawaida, kwa Kiswahili na Kisomali, yakitaja barabara na kata badala ya eneo zima, na yakibadilishwa hali inapobadilika. Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 zina jukumu la utalii wa mashinani, zingeweza kuanza na njia moja, kama ile ya kutoka mjini Garissa hadi Bour-Algi, zikiwatumia waongozaji wa jamii zenyewe.

Wapo watakaohoji kwamba kutangaza viwango vya hatari ni kuwapa magaidi habari. Lakini magaidi wanazijua njia hizo tayari. Asiyezijua ni mwalimu anayeripoti kazini, mfanyabiashara wa ng'ombe na mwanafunzi aliye ndani ya basi la usiku.

Muda nao haungoji. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote Mlima Kenya, ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba barafu ya mlima huo huenda ikatoweka yote kufikia mwaka wa 2030 au karibu na hapo. Mto Tana utaendelea kutiririka, kwa kuwa mvua na misitu ndiyo huulisha zaidi kuliko barafu. Lakini kijana wa Garissa ambaye bado anangoja kitambulisho ili afunge shanta na wenzake huenda akafika kileleni akute mawe matupu.