Majibu kwa Wanaobeza Mashujaa wa Katuni

Vijiweni Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, mtu mzima akikutwa na kitabu cha katuni cha Spider-Man, huambiwa hajakua. Hoja za wanaosema hivyo nazijua, na hazina miguu.

"Ni ngumi tupu." Fungua Amazing Spider-Man, toleo la 121, la Juni 1973. Green Goblin anamwangusha Gwen Stacy kutoka darajani. Spider-Man anamrushia utando, anamnasa mguuni, anafurahi kwamba amewahi. Lakini kando ya shingo ya binti, mwandishi Gerry Conway na mchoraji Gil Kane waliacha herufi chache, ndogo mno, za mlio wa kitu kinachovunjika. Ukisoma haraka unazipita. Ukiziona, swali haliishi: ameuawa na adui, au na utando wa mpenzi wake aliyetaka kumwokoa? Zaidi ya miaka 50 wasomaji wanabishana. Ngumi iko wapi hapo?

"Hazituhusu sisi watu wa ziwani." Wazee waliokuwa vijana miaka ya 1960 walimsoma nani kama si Lance Spearman, yule wa jarida la African Film, mwenye kofia na sigara nono, ambaye visa vyake vilisimuliwa kwa picha za kamera na kusomwa Afrika Mashariki? Na mwaka 2011 kampuni ya DC ilimleta Batwing, polisi wa Kongo aliyewahi kuwa askari mtoto. Mji wake, Tinasha, ni wa kubuni, na hilo naliona udhaifu, kwa sababu Kongo ina miji ya kweli ya kutosha. Ila hewa ikitakata, milima ya Kongo tunaiona kwa macho tukiwa hapa Kigoma, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Kisa cha mtoto aliyepewa bunduki, akakua akachagua kulinda watu, nani atuambie si chetu?

"Filamu inatosha." Hii ndiyo inayoniuma. Mkasa wa "Panther's Rage" wa Don McGregor ulianza katika jarida la Jungle Action, toleo la 6, Septemba 1973, ukaendelea kwa zaidi ya miaka miwili. T'Challa, yaani Black Panther, anarudi Wakanda, ufalme wake, baada ya kukaa Marekani, anakuta vijiji vinaungua na raia wanamnung'unikia kwa kuwaacha. Uongozi wake ndio unaopimwa, toleo baada ya toleo, na mwili wake unachakaa mbele ya macho yetu. Mwishoni, juu ya maporomoko, adui yake Killmonger amemshinda kabisa. Anayemsukuma Killmonger chini ni Kantu, mtoto mdogo aliyempoteza baba katika vita hivyo. Mfalme anaokolewa na yatima wa vita alivyoshindwa kuvizuia, naye inambidi aishi akilijua hilo. Katika filamu ya Black Panther ya 2018, T'Challa anamshinda Killmonger kwa mkono wake mwenyewe, na Kantu hayumo. Anayetosheka na filamu amtafute kwanza mtoto huyo.