"Consequential" si hasara kubwa

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua, na bima ikawa gumzo. Madai mengi yanayosikika barazani yanakwama kwenye neno moja la Kiingereza: "consequential". Kwa kawaida hati ya bima ya moto husema kwamba hasara ya namna hiyo hailipwi.

Wapo wanaodai kuwa neno hilo maana yake ni "kubwa" au "muhimu", hivyo kampuni inakwepa hasara kubwa na kulipa ndogondogo. Kijana aliyetoka chuo atakubishia hadi jioni, maana ndivyo anavyolisikia kwenye habari za Marekani: uchaguzi "consequential", yaani wenye uzito. Hakosei, ila hiyo si maana iliyo kwenye hati. Pale neno limebaki na maana yake ya zamani: kinachozaliwa na kingine. Tuseme moto umeteketeza vitenge vya shilingi milioni 80. Hiyo ni hasara ya moja kwa moja, na hata ingefika bilioni, neno hili haliigusi. Lakini mauzo uliyokosa miezi miwili fremu ikipigwa plasta upya, mishahara ya vijana uliowabakiza wasikukimbie, riba ya benki isiyojua kama duka limefungwa: hizo ndizo zinazokataliwa. Iwe laki tatu tu, haitoki.

Wengine wanaruka upande wa pili: basi chochote kinachokuja baada ya moto hakilipwi, hata maji ya zimamoto. Si kweli. Maji yaliyolowesha maboksi, au moshi ulioharibu nguo ghorofani ambako ndimi za moto hazikufika, kwa kawaida huhesabiwa kuwa hasara ya moto wenyewe. Mstari haupigwi kwa saa. Unapigwa kati ya mali iliyoharibika na pesa ambazo hazikuingia kwa sababu imeharibika.

Kwamba kampuni zimeliweka neno hilo ili kuiba? Hapana, hasara hiyo ina bima yake, ile ya kukatizwa kwa biashara, na inauzwa. Lawama ya haki ni kumpa muuza vitenge hati ya Kiingereza kitupu asaini.

Ila ukiikata bima hiyo usidhani kila siku ya kufunga duka italipwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akakutana nao Mnazi Mmoja. Mauzo yalipotea na hakuna kilichoungua. Kwa umbo lake la kawaida, bima hii inataka kwanza mali yako iharibike kwa janga ulilolikatia. Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu, jirani ambaye ukuta wake haukupata hata ufa, lakini wateja hawakuweza kumfikia, angehitaji kipengele cha ziada cha kuzuiwa kufika dukani.

La mwisho ni la wanaosafirisha mizigo kwenda Lubumbashi na Lusaka, wanaoamini kuwa neno hili lina maana ileile katika kila mkataba. Hapo wanatupa haki yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inakataa fidia ya hasara ya mbali, lakini inakubali ile inayotokana na uvunjaji wenyewe kwa kawaida, au ambayo pande zote ziliijua tangu mwanzo. Mzizi wake ni kesi ya Uingereza ya 1854, Hadley dhidi ya Baxendale. Wenye kinu cha Gloucester walidai faida ya siku ambazo kinu kilisimama kwa sababu msafirishaji alichelewesha kipande kilichovunjika, kilichopelekwa kuwa kielelezo cha kipya. Walishindwa, kwani mahakama iliona msafirishaji hakujulishwa kwamba kinu kizima kinakisubiri. Kwa hiyo mwandikie mwenye lori, kabla hamjafunga mkataba, kwamba mteja ataghairi mzigo ukichelewa, na faida uliyokosa inaweza kudaiwa. Ajenti wa bima ya moto unaweza kumweleza hayohayo mara mia. Bila kulipa ada ya kuiongeza, hasara hiyo inabaki nje.