WAZEE WA KAMBI WAINGIE KATIKA UWANJA WETU



Kuna neno linalozunguka shuleni tangu majuma mawili, na kila mtu analiongezea chumvi yake. Neno lenyewe ni hili. Sisi kapita wa wanafunzi tumeomba ruhusa ili kila siku ya posho, kisha salongo, mbele jua halijawa kali, wazee wa kambi iliyo nyuma ya shule waingie katika uwanja wetu wa mpira kwa muda wa saa moja na nusu. Watembee, wanyooshe viungo, kisha wakae kupiga masolo pamoja nasi. Baraza la waalimu litaamua juma lijalo. Wengine wamecheka, wengine wamekasirika, na mmoja ameandika kwa chaki kwenye mlango wa refektware: "Hapa ni masomo, hapana makaburi." Tunaandika ili sababu zetu zijulikane mbele ya siku ile.

Wazee hao si wageni. Ndio waliotumika Shituru na Panda. Wadogo zetu wengine hawajui kwamba mji wetu wa Likasi uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, na kwamba kambi hizi zilijengwa na kampuni, kwanza Union Minière, halafu Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule, unga, na foyer ambamo mama walijifunza kushona. Ilikuwa na timu zake za mpira na siku zake za ngoma. Hata jina la "siku ya posho" linatoka pale: ndiyo siku watu walipopokea chakula chao. Tusidanganyane, kampuni haikufanya hayo yote juu ya upendo, ilitaka mtu mwenye nguvu arudi kazini. Lakini mtu aliyekulia kambini alizoea kuishi katika kundi maisha yake yote. King'ora kikilia, wote wanatoka. Siku ya posho, wote kwenye mstari. Siku ya yenga, wote kanisani na kisha uwanjani.

Halafu ikavunjika. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476,000. Mwaka 2003 haikufikia hata sehemu moja ya kumi ya ile. Mwaka huo huo wa 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa "départ volontaire", kwa feza za Banki ya Dunia. Wazee wanacheka wakisikia "volontaire", kwa maana walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule, leo amepita 70. Watoto wake wameenda kutafuta kazi Kolwezi na Lubumbashi. Majirani wengine, watu wa Kasai, walifukuzwa katika miaka ya 1992 na 1993, wakapanda treni, wengi hawakurudi. Mume akifa, mama anabaki peke yake katika vyumba viwili, na redio isiyo na pile.

Mtu akipita barabarani hawezi kuuona upweke huo. Anaona mzee ameketi mbele ya lupango, anamwambia "Jambo, tate," mzee anajibu "Jambo, mwana," basi, amepita. Anafikiri mzee anapumzika. Apumzike kazi gani? Tangu asubuhi hajasema na mtu mwingine. Na kwa kuwa hatembei, miguu inapungua nguvu. Kwa kuwa miguu haina nguvu, anaogopa kuanguka, na kwa kuwa anaogopa kuanguka, anazidi kukaa. Mtu wa miaka 75 akivunjika nyonga hapa kwetu, na hakuna feza za operesheni, wote tunajua inavyokwenda.

Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia, wale tunaowaita OMS, waliandika kwamba hata mtu aliyepita miaka 65 anahitaji mazoezi ya kadiri, kwa uchache dakika 150 kwa juma, na tena mazoezi ya kusimama imara siku tatu au zaidi, juu ya kuzuia kuanguka. Mwaka 2025 wakatoa ripoti nyingine: mtu mmoja katika watu sita duniani anateswa na upweke, na upweke unadhuru moyo na ubongo, hata unaleta kifo mbele ya wakati. Sisi tunaosoma biolojia tusiseme basi kwamba hili ni jambo la mama wa kanisa peke yao.

Hapa tutasema neno ambalo halitawapendeza wote. Kila Noeli watu wenye nia njema, hatutawataja, wanafika kambini na sabuni na chumvi. Wazee wanapangwa kwenye mstari, wimbo mmoja, picha, kwaheri mpaka Noeli nyingine. Hakuna anayekataa sabuni. Lakini sisi tulipita nyumba kwa nyumba tukiandika majina, na tuliuliza wazee wenyewe wanataka nini. Mama mmoja alitujibu: "Miye sitaki kintu, bana bangu. Nataka tu fasi ya kwenda." Baba mmoja aliyetumika fonderi alisema hatakubali kufanyishwa jimnastiki na watoto, ila kama tutampa filimbi, atawafanyisha yeye. Tulicheka, kisha tukaona ana haki. Filimbi ni yake.

Maana kazi hii itakufa kama tutawafanya wazee kuwa mizigo yetu. Tazameni kusini, kupita Zambia. Kule Harare, katika Zimbabwe, tangu 2006 munganga Dixon Chibanda alifundisha mama wazee kukaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kusikiliza watu wenye mioyo mizito, na watu wanakuja kwao. Katika jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini, mama Beka Ntsanwisi alianzisha timu ya mpira ya mabibi, Vakhegula Vakhegula, na mwaka 2010 timu hiyo ilikwenda kucheza hata Marekani. Sisi hatuombi Marekani. Tunaomba kona moja ya uwanja na mabenchi sita ya refektware.

Programu yenyewe ni nyepesi. Infirmie atapima tansio kwanza. Kisha kuzunguka uwanja polepole, kila mzee na mwanafunzi wake. Kisha kuketi kwenye benchi na kusimama bila kutumia mikono, mara tano, mara kumi kwa anayeweza. Kisha kusimama mguu mmoja huku umeshika benchi (wanafunzi wajaribu pia wakiwa wamefunga macho, wataacha kucheka). Halafu munkoyo, na masolo. Kuna kijana wa darasa la tano anayejua kidogo gitare ya Mwenda Jean Bosco, yule aliyeishi mji huu huu, na ambaye Hugh Tracey alimrekodi hapa mwaka 1952 akipiga "Masanga". Wazee walisikia gitare hiyo wakiwa watoto. Watamsahihisha, na itamfaa.

Sasa tufike kwenye neno ambalo watu wanasema chinichini: "Bale bazee ni balozi." Mzazi mmoja ameapa kwamba ataondoa mtoto wake shuleni. Tunamjibu kwa heshima. Mutazame vizuri nani anaitwa mulozi kambini. Ni mama mjane, macho yake mekundu juu ya moshi wa makala miaka arobaini, anayesema peke yake kwa kuwa hana wa kusema naye. Mzee mwenye watoto matajiri, hata akisema peke yake usiku kucha, haitwi mulozi, anaitwa tate. Neno hili si mchezo. Katika inchi yetu limeua watu. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba mtu mzee ana haki ya kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yake. Hatujui ulinzi mzuri kupita kuonekana: mama yule akizunguka uwanja kila juma ameshikwa mkono na watoto wa watu, mbele ya macho ya wote, itakuwa vigumu kumtupia jiwe.

Wengine wanasema finalisti watapoteza masomo. Sisi wenyewe ni finalisti, egzame ya Serikali inatungoja. Saa moja na nusu kwa juma haitaangusha mtu. Wanaoanguka wanaangushwa na mambo mengine, na tunayajua.

Lakini swali moja limetuzuia usingizi, na limetoka kwa mwalimu: "Ninyi mutaondoka mwisho wa mwaka. Nani ataendelea?" Kuanza na kuacha ni kubaya kupita kutoanza. Mzee aliyekwisha kungojea siku ya posho, akifika akakuta mlango umefungwa, hatatoka tena nyumbani. Kwa hiyo tunaomba Baraza lisitupe ruhusa ya mwezi mmoja juu ya kutunyamazisha. Litupe mwaka mzima wa masomo, au likatae wazi. Sisi kwa upande wetu tumekwisha kusema na kapita wa madarasa ya nne na ya tano, ndio watakaoshika kazi, na wazee watachagua komite yao.

Mpaka leo tumeandika majina 23. Katika hao, sita hawawezi kutembea hadi uwanjani. Tunatafuta pusupusu mbili zenye magurudumu mazima na mito ya kukalia. Mwenye nayo nyumbani kwao aseme na kapita wa darasa lake mbele ya siku ya tano.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la komite