Jirani Mchawi au Jirani Mjuzi?

Hapana shaka kwamba mtoto ni mdadisi kwa maumbile yake. Aonapo jambo asilolielewa hulitafutia maelezo, na asipoyapata kwa wakubwa hujitungia yake. Ndivyo anavyozaliwa "mchawi" wa mtaa: mzee aishiye peke yake, asiyezungumza na wengi, ambaye watoto hutimua mbio wakifika mlangoni pake. Maoni yangu ni kwamba shuku hii ya mtoto si kosa, kwani ni swali lililokosa mjibu. Kosa ni la mtu mzima anayeitikia, "Naam, ni mchawi."

Tuutazame mji wa Isiolo. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu huishi humo ua kwa ua, na mara nyingi mtoto hutenganishwa na lugha nyingine kwa ukuta mmoja wa mabati. Jioni huona moshi ukifuka kutoka kinywani mwa kibuyu. Husikia maneno asiyoyafahamu. Usiku humwona mzee amesimama uani, uso ameuelekeza mbinguni, midomo ikimchezacheza. Atasema nini mtoto huyu ila kwamba jirani anaroga?

Hebu tufafanue. Wafugaji wa sehemu hizo huingiza kijinga cha mti maalumu ndani ya kibuyu cha maziwa ili moshi wake ukisafishe, maziwa yakawie kuharibika na yapate ladha. Ama huyo mzee atazamaye nyota, huenda ni yule ambaye Waborana humwita ayyaantu, yaani mjuzi wa kalenda. Msomi Asmarom Legesse, katika kitabu chake Gada cha mwaka wa 1973, aliieleza kalenda hiyo: miezi 12 ya mwandamo, na siku 27 zenye majina yake zinazokwenda kwa mzunguko. Mjuzi huulinganisha mwezi na makundi ya nyota kwa macho matupu, na hesabu yote huiweka kichwani. Kumwita mtu kama huyu mchawi ni kukifunga chuo kabla hatujakiingia.

Wapo watakaotujibu kwamba lisemwalo lipo. Methali hii imewaponza wengi. Hatuhitaji kwenda mbali kuona mwisho wa uvumi usiopingwa, maana yaliyotokea Kisii tunayajua. Mwezi wa Mei 2008 watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto huko wakidaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma iyo hiyo. Walioshika viberiti walikuwa watoto zamani, na pengine waliwahi kumwogopa jirani wasipate mtu wa kuwaeleza. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka wa 1925, pamoja na kasoro zake za kikoloni, ilimhesabu kuwa mkosaji mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi bila kuifikisha habari kwa wakuu.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna dhima katika jambo hili. Lugha yetu haimchanganyi mchawi na mganga, wala mganga na mnajimu. Imetupa pia mkunga, mkandaji, mhunzi na mjuzi. Mbona basi tumfundishe mtoto neno moja tu kwa kila mtu asiyemfahamu? Asiyekujua hakuthamini, na asiye na jina la ujuzi wako atakupa jina la hofu yake.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, mzazi wa Isiolo amshike mwanawe mkono, waende kumwamkia jirani na kumuuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayowakutanisha majirani wasioelewana kwa lugha za nyumbani. Kuuliza si ujinga. Pili, wenzetu wanaotoka huko wakirudi makwao likizoni wayakusanye maarifa ya wazee hao na kuyaandikia hadithi za watoto. Hadithi hizo zisimwondolee mtoto mshangao wake; mzee ahesabuye siku kwa nyota anastahili kushangaliwa. Zimwondolee hofu tu, kabla hofu haijakua na kuota meno.