Feza za Maskini Zifike kwa Tarehe Yake

Hapa Kasongo na Kabambare, kila inaposemwa kwamba serikali iwape jamaa maskini feza mkononi, wako wazee wa barazani wanaokimbilia kusema: "Watazinywea lotoko." Twawaomba watazame jirani kwanza. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mwaka 2010, TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, ulianza kuzilipa jamaa maskini za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, wanakijiji wenyewe wakichagua wa kupewa. Watafiti waliporudi walikuta mbuzi na kuku wameongezeka, waliokata bima ya afya wamekuwa wengi, na watoto wamevaa viatu. Mlevi hakosi pombe hata bila serikali.

Tunachokiogopa sisi ni kuchelewa. Mama anayeijua tarehe hukopa chumvi na sabuni dukani, na mwenye duka humwandika daftarini bila kununa. Tarehe ikipita wiki tatu, daftari hufungwa. Mama huuza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, na feza zikifika huishia kwa mdai. Huko Kenya, pamoja na M-Pesa yao, wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa maskini feza, wenye haki ya shilingi 2,000 kwa mwezi wamezingojea mara nyingi hadi miezi ikarundikana. Je, itakuwaje kwetu sisi tunaopanda kilima kutafuta mtandao?

Tena feza bila bidhaa ni hatari. Ufilipino, katika vijiji vya mbali ambamo jamaa nyingi zilipewa, mayai yalipanda bei, na watoto wa wasiopewa wakadumaa. Lori likikwama matopeni njia ya Kindu, franka mpya zitagombania chumvi ileile kidogo. Basi anayedai feza adai na barabara. Na feza hizo zishikwe na akina mama, maana soko ni lao tangu zamani. Msafiri Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko limejaa akina mama wa ng'ambo zote mbili za Lualaba, kabla wafanyabiashara wenye bunduki hawajawaua kwa mamia tarehe 15 Julai. Mama hao ndio waliokuwa soko. Vitukuu wao wapewe feza kwa majina yao, si kupitia mume wala mkubwa wa kijiji.

Nayo orodha ya wa kupewa isomwe kwa sauti siku ya soko, mchana. Likitajwa jina la mpwa wa mkubwa mwenye pikipiki mbili, msicheke pembeni kama kawaida yetu. Ulizeni papo hapo, naye mkubwa ajibu mbele ya wauza samaki.