Cheti cha Kidato cha Nne Hakina Sare

Imani yenyewe iko hivi, na utaisikia Busunzu kama utakavyoisikia Kasulu mjini au Kibondo: mtu mzima aliyeishia darasa la saba, au aliyekatisha masomo kidato cha pili, akitaka kidato cha nne cha kweli arudi shule ya kata, avae sare, akae na watoto miaka minne. Akipitia QT, yaani Mtihani wa Maarifa, akisoma jioni kwenye kituo cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au akijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, eti atapata cheti cha mtaani ambacho chuo kitakikataa na mwajiri atakiweka kando. Wanaosema hivyo mara nyingi hawana nia mbaya. Ni wazazi, ni viongozi wa vitongoji, wakati mwingine ni walimu wenyewe. Lakini wanachosema si kweli, na hasara yake inawaangukia watu ambao elimu ilikwisha kuwapita mara moja.

Tuanze na mtihani, maana ndiko imani hii inakovunjikia. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, halitoi kidato cha nne cha wakubwa na kingine cha watoto. Muhtasari wa masomo ni mmoja, mwezi ni uleule wa Novemba, na madaraja hayabadiliki: C inaanzia alama 45 na D inaanzia 30, uwe na miaka 17 au 41. Namba ya mtahiniwa wa shule huanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P, na juu ya herufi hiyo moja watu wamejenga ngazi nzima ya heshima na dharau. Ukitazama kwa makini, anayestahili sifa zaidi ni huyu wa P. Kama hakupita kidato cha pili, lazima kwanza afaulu QT, ndipo aruhusiwe kuukaribia mtihani wa kidato cha nne. Mwanafunzi wa shule huingia chumba cha mtihani akiwa na akiba ya alama za tathmini endelevu alizokusanya darasani. Wa kujitegemea huingia mikono mitupu. Kuiita hii njia ya mkato ni kumdhulumu mtu.

Wenye shaka husema kwamba mtihani ni mmoja, sawa, ila vyuo na waajiri wanatazama wapi ulisoma. Basi tutazame masharti yaliyoandikwa. Kwa kozi nyingi za cheti zilizo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, mwombaji anatakiwa awe amefaulu angalau masomo manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, na D inahesabika kuwa ufaulu. Anayetaka utabibu ataulizwa kuhusu fizikia, kemia na baiolojia. Sare haimo katika masharti hayo. Wala haikuwamo katika uhakiki mkubwa wa vyeti vya watumishi wa umma, ule uliofikisha majina 9,932 mikononi mwa Rais Magufuli mwezi Aprili 2017. Walioanguka kwenye uhakiki ule walianguka kwa sababu vyeti vyao vilikuwa vya kughushi. Mwenye namba ya P iliyomo katika kumbukumbu za Baraza hakuwa na cha kuogopa. Nakubali jambo moja: kijana ambaye bado ana umri mdogo na anakusudia kidato cha tano cha serikali, darasa la kawaida linampa njia iliyonyooka zaidi, na kama mlango huo uko wazi kwake aingie. Mama wa miaka 33 mwenye shamba na watoto watatu hayuko katika hesabu hiyo, na kumpa ushauri uleule ni kumwambia asisome.

Hoja nzito zaidi ni ya matokeo. Kila mwaka ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea huwa chini ya ule wa watahiniwa wa shule, na watu huuchukua upungufu huo kuwa ushahidi kwamba njia yenyewe ni mbovu. Swali la kuuliza ni nani wamo katika kundi hilo. Wamo wengi wanaorisiti masomo waliyokwisha kuyafeli. Wamo waliolipa ada ya mtihani wakabaki na madaftari ya kuazima, bila mwalimu hata mmoja, wakisoma kwa tochi ya simu baada ya kutoka shambani. Ukiwapima watu hao dhidi ya wanafunzi waliofundishwa miaka minne, mchana, utapata jibu la nani alifundishwa. Hutapata jibu la njia ipi inafaa. Anayechukua matokeo hayo kumkatisha mtu tamaa angepaswa kuyachukua kudai walimu.

Tena tukumbuke kwa nini kuna watu wazima wengi wasio na kidato cha nne katika miinuko hii ya Kasulu na Kibondo. Shule za kata zilienea baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) kuanza mwaka 2004. Kabla ya hapo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mtoto wa Kibondo aliyemaliza darasa la saba mwaka 2001 aliweza kufanya vizuri asichaguliwe, kwa kuwa hakukuwa na dawati la kumweka. Waliochaguliwa walikutana na ada, ambayo katika shule za kutwa ilikuja kuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, pamoja na michango isiyokwisha, hadi ilipofutwa kuanzia Januari 2016. Wasichana waliopata ujauzito walifungiwa mlango kabisa, mpaka Waraka wa Elimu Na. 2 wa Novemba 2021 ulipowaruhusu kurudi. Watu hawa tunawaita waliofeli, wakati wengi wao hatukuwahi kuwapa mtihani wa kufeli. Nchi hii ilikwisha kuwa na fikra nzuri kuliko hiyo. Nyerere alipozungumzia mpango wa maendeleo mwaka 1964 alitaka elimu ya watu wazima itangulie, kwa sababu matunda ya kusomesha watoto yangechukua miaka mingi kuonekana, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mkulima aliyejifunza kusoma wakati ule alionekana ni mzalendo. Leo bintiye akifungua kitabu cha kidato cha kwanza anaulizwa anatafuta nini.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi. Katika vituo vya elimu ya watu wazima, hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili kwa mwaka mmoja, na hatua ya pili inabeba cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine. Miaka miwili ni michache. Ni kweli, na sababu kubwa kuliko zote ni lugha. Chukua jiografia. Mkulima anayelima kwenye mteremko wa Busunzu anaujua mmomonyoko wa udongo kwa macho na kwa mikono: anajua maji yanapitia wapi, tuta liwekwe vipi, shamba lipi limechoka na kwa nini. Kisha mtihani unamtaka ayaandike hayohayo kwa Kiingereza, aya baada ya aya, yeye ambaye nyumbani husema Kiha na shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Anapata sifuri katika jambo analoweza kumfundisha msahihishaji. Ukuta huu hauondolewi na miaka minne ya kukaa na watoto, maana hata watoto wenyewe unawaangusha. Unaondolewa na mwalimu anayeanza na Kiingereza, miezi kadhaa kabla ya kugusa somo lingine, na anayemruhusu mtu aeleze kwanza kwa Kiswahili anachokijua.

Kwa hiyo anayechagua ajiulize maswali mengine kabisa. Nani atanifundisha Kiingereza na hisabati, na anakuja siku ngapi kwa wiki? Kituo cha mtihani kiko umbali gani, na nitalala wapi wiki zile za mtihani? Nimejisajili mwanzoni mwa mwaka, au nasubiri hadi ada iongezwe adhabu ya kuchelewa? Mwenye mtoto mchanga na anayeweza kuondoka nyumbani aulizie chuo cha maendeleo ya wananchi, Kasulu au Kibondo. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, leo viko 54 nchini, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimewafundisha wasichana walioacha shule masomo ya sekondari pamoja na ufundi, huku watoto wao wakilelewa palepale. Asiyeweza kuondoka atafute kituo chenye walimu wanaofika kweli. Anayetaka ufundi tu, na mikono yake tayari inajua kazi, aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, maana huenda hahitaji kidato cha nne hata kidogo. Kusoma peke yako nyumbani kuwe chaguo la mwisho, si kwa sababu cheti chake ni duni, bali kwa sababu ni njia ngumu kuliko zote.

Na lipo swali la kalenda, ambalo halmashauri zinaweza kulijibu bila kusubiri fedha kutoka nje. Novemba huku mvua zimekwisha kuanza, mahindi na maharage yako ardhini, na palizi haingoji mtu. Anayeingia chumba cha mtihani saa mbili asubuhi ameacha magugu shambani, na mara nyingi ni mwanamke. Mtihani hauwezi kuhamishwa kwa ajili ya Kibondo, lakini masomo yanaweza kupangwa: mzigo mkubwa uwekwe miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati kazi za shamba zimepungua na mavuno yameleta fedha kidogo mfukoni. Fedha ya usajili wa mwaka unaofuata ikusanywe wakati huohuo, kidogokidogo, isisubiri Januari ambapo nyumba nyingi zimebaki na mbegu na madeni. Madarasa ya shule za kata yapo, na kuanzia saa kumi jioni ni matupu. Walimu wapo pia, wengine bado hawajaajiriwa. Kinachotakiwa ni halmashauri kuwalipa posho, kuweka taa, na kuuambia mkutano wa kijiji waziwazi kwamba masomo haya yanaishia kwenye mtihani wa Baraza lilelile, ili mama aliyekuwa akijificha na daftari lake aje nalo mbele ya watu.