NDOO BILA MAJI NA MILIARI ZA MAREKANI



Kwenye mlango wa kalasi ya tano kuna ndoo moja ya buluu yenye robine. Ililetwa wakati wa Korona. Robine imekufa, mfuniko umepotea, na ndani tulikuta makaratasi ya interogasio na maganda ya mihindi. Ndoo ya pili iko jikoni, wanawekamo maharagwe. Ya tatu hakuna anayejua ilienda wapi. Hatuandiki haya kusudi ya kumshitaki mtu. Tunaandika kwa sababu mwezi uliopita, katika somo la uraia, mwalimu alitueleza namna masomo ya serikali kule Marekani yalivyosaidiwa wakati wa ugonjwa ule, na tangu siku ile tunabishana kule internati mpaka taa inazimwa.

Wengine walisema: hayo ni mambo ya matajiri, sisi hata chaki hatuna. Wengine wakajibu: ngojeni kwanza, sikilizeni vizuri. Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa hao wa pili, na tutasema sababu.

Kule Marekani masomo hayaongozwi kutoka mji mkuu kama kwetu. Nchi imegawanyika katika wilaya za masomo zaidi ya 13,000. Kila wilaya ina kamati yake, mara nyingi iliyochaguliwa na wakaaji wenyewe, na ina sanduku lake la feza. Feza nyingi zinatoka katika kodi za jimbo na kodi za nyumba za pale pale. Serikali kuu, katika miaka ya kawaida, haitoi hata sehemu moja juu ya kumi. Njo maana wilaya ya matajiri ina masomo mazuri, na wilaya ya maskini, katika nchi ile ile, ina madirisha yasiyofunguka. Hilo wengi wetu hatukulijua. Tulifikiri Marekani yote ni moja.

Mwaka 2020 ugonjwa ulipoingia, wanafunzi karibu milioni 50 wa masomo ya serikali walirudishwa nyumbani. Bunge lao likatoa feza mara tatu: mwezi wa tatu 2020 miliari 13 za dola, mwezi wa 12 mwaka ule ule miliari 54, na mwezi wa tatu 2021 miliari 122. Ukijumlisha ni karibu miliari 190. Feza hizo hazikugawanywa kwa kuhesabu vichwa tu. Walifuata kipimo cha zamani cha msaada ju ya watoto maskini, kwa hiyo wilaya yenye maskini wengi ilipata zaidi. Mji wa Detroit peke yake ulipata zaidi ya miliari moja ya dola.

Lakini si hesabu iliyotugusa. Iliyotugusa ni sharti. Katika feza za mara ya tatu sheria ilisema hivi: wilaya inayopokea iandike mpango wa kurudisha watoto kalasini bila hatari, na iutangaze mbele ya watu wote katika siku 30. Iwasikilize wazazi kwanza. Iangalie mpango ule tena kila miezi sita, mpaka mwezi wa tisa 2023. Mpango useme juu ya kunawa mikono, juu ya barakoa, juu ya hewa ya kalasi, juu ya kupima wagonjwa, juu ya chanjo, juu ya mtoto mlemavu. Na tena uandikwe kwa lugha wazazi wanayoielewa, na kama haiwezekani kuandika, waelezwe kwa mdomo.

Wasomaji, fikirini. Kuna ndugu zetu wengi waliotoka huku Kongo, wakapita makambi ya wakimbizi, wakafika kule Kentucky, Iowa, Maine. Watoto wao wanasoma katika masomo hayo ya serikali. Basi mama aliyetoka Fizi au Uvira, asiyejua kingereza, alikuwa na haki kwa sheria ya kuelezwa kwa Kiswahili mtoto wake atakaa namna gani kalasini. Hapa kwetu, ambapo wazazi wote wanasikia Kiswahili, nani aliwasomea mpango? Kwa lugha gani? Mpango wenyewe uko wapi?

Tusidanganyane, kule nako mambo hayakunyooka. Wazazi waligombana na kamati ju ya barakoa mpaka polisi wakaitwa katika mikutano mingine. Wilaya moja ya Wisconsin ilitumia sehemu kubwa ya feza zake kutengeneza uwanja wa mpira kwa majani ya plastiki, na magazeti yakaandika. Mpira! (Wenzetu wa timu ya masomo walipiga makofi waliposikia.) Lakini angalieni vizuri: watu waliweza kukasirika kwa sababu hesabu ilikuwa wazi. Mahali hesabu inafichwa hakuna anayekasirika, watu wananungunika tu.

Jambo la hewa tulilipenda sana. Mwezi wa sita 2020 wakaguzi wa hesabu wa serikali yao walionyesha kwamba katika wilaya 41 kwa mia, mashine za hewa zilitaka kutengenezwa au kubadilishwa katika nusu ya majengo au zaidi. Kwa nchi nzima ni kama majengo 36,000. Maana yake watoto walikuwa wanapumua hewa mbaya kabla ya Korona, miaka mingi, na hakuna aliyepiga kelele. Wilaya zilizoweka feza katika hewa na majengo zinayo mpaka leo. Zile zilizolipa mishahara ya wauguzi na walimu wa kusaidia zilipata shida, kwa sababu mwezi wa tisa 2024 ulikuwa ukomo wa kupanga matumizi. Mwezi wa tatu 2025 waziri wao wa elimu akakata hata muda wa nyongeza ambao majimbo yalikuwa yamepewa kwa kumaliza malipo, na majimbo mengine yakamshitaki kortini. Msaada ni sawa mvua ya mara moja. Kama hukuweka pipa, inapita.

Na faida ya masomo je? Wachunguzi wa Harvard na Stanford walipima mwaka 2024. Waliona kila dola 1,000 kwa mwanafunzi mmoja iliongeza katika hesabu karibu 3 kwa mia ya mwaka wa masomo. Si nyingi. Lakini si bure.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 19 mwezi wa tatu 2020 masomo ya Kongo yalifungwa. Wengi wetu tulikuwa tungali primere. Mwezi wa 12 yakafungwa tena, mpaka tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Wenzetu wa Beni na Butembo walikuwa wameshazoea ndoo tangu Ebola ya 2018. Mwaka 2024 mpox ilitoka Kamituga ikaenea, na mwezi wa nane Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza hatari ya dunia nzima. Mara tatu, ndugu. Na kila mara ndoo zilikuja kutoka kwa wafadhili, picha zikapigwa, halafu wafadhili wakaenda na sabuni ikaenda nao.

Masomo yetu ni ya kiprotestanti, lakini ni ya serikali pia, kwa mapatano ya mwaka 1977. Basi serikali inasema kanisa litaangalia, kanisa linasema serikali italeta, na wazazi wanasema tumekwisha kulipa. Sisi hatuombi miliari. Tunaomba karatasi moja. Iseme nani anajaza ndoo asubuhi, nani ananunua sabuni na kwa feza gani, mwanafunzi mwenye homa anapelekwa kwa nani, na internati italala namna gani tukifungiwa tena. Isomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa wazazi. Iangaliwe tena kila trimestre, kwa sababu miezi sita kwetu ni mirefu, wanafunzi wanahama.

Kuna mwalimu mmoja aliyetuambia: mkiandika mpango bila feza mnaandika ndoto. Tunamheshimu, lakini tunamjibu kwamba kutengeneza robine ya ndoo si feza ya Marekani, na madirisha ya kalasi ya pili yamefungwa kwa misumari na sisi wenyewe, ju ya baridi. Tunaweza kuyafungua.

Jumamosi, saa ya kazi ya mikono, kalasi ya sita itatafuta ndoo ya tatu. Anayejua iliko aseme kwa capita wa kalasi yake, hataulizwa mengi. Karatasi tumeianza, tumeacha nafasi ya bei ya sabuni, tunaomba Bwana Ekonomu aijaze.